Stesheni ya Bujumbura Ilikuwa Kigoma

Bujumbura haijawahi kuwa na stesheni ya treni. Yake ilikuwa Kigoma, kusini mwa gati la Bujumbura, mwisho wa Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914. Kahawa ya Burundi ilivuka Ziwa Tanganyika kwa meli, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji, waliotawala Burundi wakati huo, maeneo yao katika bandari zote mbili, yakaitwa Belbase.

Kisha mabehewa yakapungua, injini zikachakaa, mvua zikakata njia. Malori yakachukua mzigo kupitia mpaka wa Kobero. Jengo la stesheni ya Kigoma bado limesimama. Litunzwe: ni urithi wa Warundi pia.