Milango tunaisifu, waliochonga hatuwataji

Beit al-Ajaib, jumba la kisultani mjini Zanzibar, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, kilichotajwa sana ni mnara wa saa. Mimi mawazo yangu yalikwenda kwenye milango yake, ile mikubwa yenye maandishi ya Qur'ani, na kwa watu walioinamia mbao zile.

Aliyejenga jumba lile mwaka 1883 tunamjua: Sultani Barghash bin Said. Mwaka 1859 alipelekwa uhamishoni Bombay kwa kutaka kumpindua kaka yake, Majid. Aliposhika utawala mwaka 1870, ladha ya Kihindi ilizidi kuonekana mjini. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ikapata wenzao wenye tao, na maua yakasongamana.

Fundi nakshi alisomea wapi? Chini ya mti, kwenye vumbi la msumeno. Kijana alishika ubao, akanoa patasi, akatazama, akaharibu vipande vya mfenesi kabla ya kuaminiwa msaji. Miimo ilimtaka mkono mwepesi, mfaa ulimtaka subira, maana ndio unaosimama katikati ya macho ya mgeni.

Ugomvi juu ya maana ya nakshi hizo ulikuja baadaye, na umewahusu wasomi. Mwaka 1924 F. R. Barton aliandika makala kuhusu milango ya Zanzibar katika jarida la *Man*, akazitafutia nakshi maana za kale: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, yungiyungi lina asili ya Misri. Tafsiri za namna hiyo ndizo wanazosikia watalii hadi leo vichochoroni Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwaka 1990 Judith Aldrick, katika jarida la *Azania*, alipita njia nyingine: aliigawa milango ya pwani kwa mitindo, akaihusisha na biashara ya karne ya 19 na mafundi wa pande mbalimbali. Mimi namwelekea Aldrick. Mchongaji aliyeona ua zuri kwenye mlango wa jirani alikuwa na sababu ya kutosha ya kulichonga kwake, bila kumuuliza Farao. Na Siyu, kule Pate, ilisifika kwa uchongaji wake. Pwani ilikuwa na mafundi wake.

Hata misumari ya shaba imeongezewa hadithi ya kuzuia tembo. Mtindo wenyewe umetoka Bara Hindi. Mji Mkongwe ulipambwa nao kwa sababu unapendeza na unaonyesha uwezo wa mwenye nyumba.

UNESCO iliutambua Mji Mkongwe mwaka 2000. Tangu hapo tumehesabu watalii vizuri kuliko mafundi. Beit al-Ajaib ikisimama tena, kuna mbao zitakazochongwa upya. Wanaozichonga waandikwe majina yao, baba na babu, kwenye kibao cha ukutani, karibu na jina la Barghash.