Lundamatwe: vita vya Uhehe ambavyo havina sherehe

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba radhi mjini Songea Novemba 1, 2023, kwa waliyoyatenda Wajerumani wakati wa ukoloni, habari za mafuvu zimerudi midomoni mwa watu. Na mafuvu yakitajwa, Nyanda za Juu Kusini hulitaja kwanza la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa Kalenga Juni 1954 na Gavana Edward Twining na kupokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Yapo mafuvu mengine katika nchi hiyo hiyo ya Uhehe ambayo hakuna gavana aliyeyatafuta. Ni ya watu waliouana wao kwa wao yapata miaka kumi kabla ya jeshi la Kijerumani la Zelewski kuangamizwa Lugalo. Walipoangukia pakabaki na jina la Lundamatwe, mahali palipolundikwa vichwa. Vita vile vilikuwa vya urithi wa kiti cha Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, lakini ndani yake kulikuwa na swali ambalo bado tunaliogopa: aliyeingia nchi kama mtumwa anaweza kuitawala?

Ninayoyaeleza hapa nimeyapata zaidi kwa Alison Redmayne, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekaa na Wahehe miaka ya 1960 na kuchapisha utafiti wake juu ya vita vya Mkwawa mwaka 1968. Mwingine ni Ernst Nigmann, ofisa wa Kijerumani wa Iringa, ambaye kitabu chake kuhusu Wahehe kilitoka 1908, wakati wazee walioviona vita wakiwa bado hai.

Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha koo nyingi ndogo za Uhehe kuwa dola moja. Mbinu alizichukua kwa Wasangu, jirani zake wa magharibi, ambao nao walizijenga baada ya kushambuliwa na Wangoni. Dola ya namna hiyo iliishi kwa vita. Vita vilileta ng'ombe na mateka, na mateka walilima, waliolewa, walibeba mizigo, na wengine waliuzwa kwa misafara ya pwani iliyokuja na bunduki, baruti na nguo. Nguo yenyewe kwa muda mrefu ilikuwa merikani, iliyofumwa Massachusetts kwa pamba ya mashamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara hiyo, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake na misafara ikaendelea kama kawaida.

Juni 1873 Sultani Barghash alibanwa na Waingereza hadi akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Huku bara kukamata watu hakukukoma. Mwaka 1877 James Frederic Elton, konsuli wa Uingereza aliyekuwa amefanya kazi ya kuwakomboa watumwa mwambao wa Kilwa, alifika kwa Merere, mtawala wa Usangu, katika Wilaya ya Mbarali ya leo, akakuta mji umezingirwa na Wahehe. Elton alifariki Ugogo Desemba mwaka huo huo, akiwa njiani kwenda pwani.

Munyigumba naye alifariki mwaka 1878 au 1879, na hapo ndipo anapojitokeza Mwambambe. Kwa masimulizi ya Wahehe, Mwambambe alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi, mtumwa wa Munyigumba. Alikuwa hodari vitani. Alipanda cheo hadi Mtwa akamwoza binti yake na kumpa watu wa kuwaongoza. Jambo hilo halikuwa kioja Uhehe, maana Munyigumba alihitaji wanaume wa vita, na mtu asiye na ukoo wa kumtegemea humtegemea bwana wake peke yake. Mfalme mwenye ndugu wengi wenye tamaa humwamini zaidi mtu wa aina hiyo kuliko mtoto wa baba yake mdogo. Ilikuwa hesabu nzuri kwa muda wote ambao Munyigumba alikuwa hai.

Alipozikwa, ukoo wake ukagawanyika. Mwambambe hakungoja uamuzi wa wakubwa. Alishika nchi kwa nguvu, na kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Jambo hili huwa tunalipita mbio. Shujaa wetu alianza maisha ya utawala akiwa mkimbizi, na aliyemkimbiza hakuwa Mjerumani, alikuwa shemeji yake. Tena Mwambambe hakusimama peke yake. Palikuwa na Wahehe waliokubali kumfuata, na sidhani kama wote walimfuata kwa woga. Katika nchi iliyojaa watu waliotekwa Ubena, Usangu na Ugogo, lazima walikuwepo waliomwona mkwe huyu wa Mtwa kuwa mtu wao.

Mkwawa aliitwa na watu wa baba yake, akarudi, wakapigana. Safari hii aliyekimbia ni Mwambambe, akashika njia ya kaskazini-magharibi hadi Kiwele, katika nchi ya Wakimbu. Huko aliomba jeshi akapewa. Akarudi Uhehe na wapiganaji wenye bunduki. Wale wa Kiwele nadhani walikuja kwa sababu ile ile iliyowapeleka vitani Wahehe na Wasangu: ng'ombe na mateka. Majeshi yakakutana Lundamatwe. Mwambambe aliuawa, na wengi wa waliokuja naye hawakurudi kwao.

Baada ya hapo hakuna aliyempinga Mkwawa ndani ya Uhehe. Vita kati ya Wahehe na Wangoni vilivyozuka 1881 vilimkuta ni Mtwa kamili.

Ninapoyasoma masimulizi haya najiuliza juu ya msimuliaji. Nigmann na Redmayne walisikiliza zaidi upande ulioshinda. Upande wa Mwambambe haukubakiwa na mjukuu wa kupokea wageni na kuwaeleza mambo yalivyokuwa. Kwa hiyo neno la kwanza tunaloambiwa juu yake ni utumwa wake, kana kwamba linatosha kueleza kosa lake. Lakini watoto wa Watwa nao waliuana kwa ajili ya kiti katika tawala nyingi za wakati ule, na hatuwaelezi kwa asili ya mama zao. Mwambambe alifanya waliyoyafanya wana wa wafalme, akashindwa, akabaki mtumwa mpaka leo.

Mengine yanajulikana na kila mtoto wa shule: Lugalo Agosti 17, 1891, kuanguka kwa Kalenga Oktoba 1894, kifo cha Mkwawa Mlambalasi Julai 19, 1898. Lisilofundishwa sana ni kwamba Wajerumani, waliojitangaza Ulaya kuwa wanakuja kukomesha biashara ya watumwa, hawakuufuta utumwa wenyewe. Amri yao iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905, wazazi wao wakabaki walivyo. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja na Waingereza mwaka 1922, na ndiyo maana wapo Watanzania wazee waliolelewa na bibi aliyewahi kumilikiwa.

Sauti za mabibi hao tunazo chache, na nyingi zimetoka upande wa Mbeya. Merere alipofukuzwa Usangu na Wahehe alihamia Usafwa na kujenga ngome ya mawe aliyoiita tena Utengule. Wamoravian walifungua misheni yao hapo mwaka 1895, na mmisionari Elise Kootz-Kretschmer akakaa na wanawake waliowahi kutekwa na kupita katika mikono ya mabwana mbalimbali kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Aliandika maisha yao kama walivyoyaeleza, Narwimba na Chisi wakiwemo, na mwanahistoria Marcia Wright akayakusanya katika kitabu mwaka 1993. Wanawake hao hawasimulii vita vya Watwa. Wanasimulia nani alimpa hifadhi nani, na mume gani alikuwa na nguvu ya kumzuia mtu asiuze mtoto.

Leo Kalenga ina makumbusho na Lugalo ina mnara. Juu ya Mwambambe sijasikia hotuba. Kinachobaki ni utani wa Wahehe na Wangoni misibani, ambapo watani hukumbushana nani alimkimbia nani, watu wakacheka na maiti ikazikwa. Utani huo una heshima yake, ila nani alimuuza nani haugusi, na katika familia nyingi za Iringa swali la asili ya bibi fulani hukatizwa kwa kuulizwa kama chakula kimeiva.

Redmayne aliwakuta wazee ambao baba zao walikuwa na Mkwawa. Hao wamekwisha. Wajukuu wao sasa ndio wazee, na mjini Iringa kipo chuo kikuu kishiriki kinachoitwa Mkwawa, chenye wanafunzi wa historia kila mwaka. Wangepelekwa Lundamatwe na Utengule na daftari, wakaulize majina ya koo zilizoingia Uhehe na Usangu kwa njia ya kutekwa, na kuyaandika wakati wenyewe wangali tayari kuyataja.