Shule ya Watoto wa Watemi: Waliopita Tabora na Nchi Waliyoijenga

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu nchi nzima. Rais wa wakati huo, Julius Kambarage Nyerere, alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Makamu wake, Rashidi Mfaume Kawawa, alitoka katika ukoo wa kawaida wa kusini. Mmoja wa mawaziri wakubwa wa serikali hiyo, Oscar Kambona, alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana kutoka pwani ya Ziwa Nyasa. Asili zao zilikuwa mbalimbali, lakini wote watatu walisoma Shule ya Serikali ya Tabora, shule ambayo Mwingereza aliijenga kwa nia ya kuwaandaa machifu wa kesho.

Historia ya shule hiyo inastahili kusimuliwa kupitia watu wake. Wapo waliotawala, wapo waliopinga, na wapo waliotunga mashairi. Wengi wao walifanya kinyume kabisa cha kazi waliyokusudiwa na waliowasomesha.

Tabora haikuchaguliwa kwa bahati. Katika karne ya 19, kabla ya ukoloni, misafara ya pembe na watumwa kati ya Pwani na Ujiji ilipumzika hapo, katika nchi ya Unyanyembe. Wajerumani walijenga boma mjini na kuufikisha hapo mwaka 1912 mstari wa Reli ya Kati. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji, na vita vilipokwisha Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Reli ya kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya treni za Dar es Salaam, Kigoma na Ziwa Viktoria. Mtoto wa Bukoba na mtoto wa Songea wangeweza kukutana hapo.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliendesha nchi kwa kupitia machifu. Mtemi au chifu angebaki na kiti chake, baraza lake, mahakama yake na hazina yake, huku Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya wa Kiingereza, akimwangalia kwa karibu. Mpango huo ulihitaji machifu wanaojua kusoma, kuandika na kupiga hesabu. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 shule ya Tabora ikafunguliwa, na wa kwanza kutafutiwa nafasi wakawa watoto na warithi wa machifu. Ilifuata taratibu za shule za bweni za Uingereza: nyumba za wanafunzi, viranja wenye madaraka makubwa, michezo, paredi na nidhamu kali. Waingereza walipenda kuilinganisha na Eton, shule wanakosomeshwa watoto wa mabwana wakubwa wa kwao.

Lakini warithi wa viti hawakutosha kuijaza shule, na serikali ilihitaji pia makarani, walimu na waganga. Mlango ukafunguliwa kwa watoto waliofaulu mitihani, hata kama nyumbani kwao hapakuwa na kiti wala ngoma ya utawala. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Mtoto wa mtemi alijikuta akishindania namba darasani na mtoto wa mkulima, na wakati mwingine akishindwa.

Miongoni mwa waliofuata njia ile iliyokusudiwa, jina la Kidaha Makwaia linatangulia. Alikuwa Msukuma wa ukoo wa utawala wa Usiha, Shinyanga. Alisoma Tabora, kisha Makerere, akarudi kushika utemi. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kati ya mwaka 1953 na 1955 alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme iliyochunguza masuala ya ardhi na uchumi wa Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa wapo waliomwona kuwa ndiye Mwafrika atakayepewa usukani wa nchi. Lakini alikuwa mjumbe wa kuteuliwa, na siasa iliyokuwa ikija ilihitaji watu wa kuchaguliwa.

Mtu huyo wa siasa mpya aliingia Tabora mwaka 1937. Nyerere alikuwa ameanza shule ya Mwisenge, Musoma, miaka mitatu tu kabla, akiwa na umri wa takriban miaka kumi na miwili. Alikaa Tabora hadi mwaka 1942. Waliosoma naye walimkumbuka kama kijana mwenye hamu ya kushinda, mpenda vitabu kuliko mpira, aliyesaidia kuanzisha kikosi cha maskauti shuleni. Walioandika maisha yake wanasimulia jinsi alivyolalamikia upendeleo wa viranja, waliokuwa wakipewa chakula maradufu, hata utaratibu huo ukaondolewa. Baadaye yeye mwenyewe akawa kiranja.

Tukio hilo la chakula ni dogo, lakini lina uzito kwa anayechunguza siasa zake za baadaye. Mtoto wa chifu, katika shule iliyojengwa juu ya imani kwamba wachache wanastahili zaidi, alihoji mgawo wa sahani. Mwaka 1942, mwaka wake wa mwisho shuleni, baba yake alifariki dunia. Kiti cha Butiama kilikwenda kwa kaka yake, Edward Wanzagi, naye Kambarage akaendelea na safari ya Makerere.

Alirudi Tabora kama mwalimu. Shule ya serikali aliyosoma ilimtaka, na mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko wa misheni, lakini alichagua kufundisha St Mary's, shule ya Wakatoliki katika mji huohuo. Hakukata uhusiano na shule yake ya zamani. Aliwahi kushiriki huko mdahalo wa hadhara dhidi ya walimu wawili wa shule ya serikali, akipinga hoja kwamba tangu Afrika igawanywe Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Alishinda. Baada ya ushindi huo alipigwa marufuku kurudi shuleni hapo. Mwaka 1949 aliondoka Tabora kwenda Edinburgh, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam chini ya uongozi wake.

Katika miaka hiyohiyo ya Nyerere shuleni alikuwepo kijana wa Ujiji aliyezaliwa mwaka 1924, Kaluta Amri Abedi. Wasomaji wa mashairi wanamjua kwa jina la Sheikh Amri Abedi. Ni katika mji wa Tabora alipokutana na mafundisho ya Ahmadiyya, na badala ya ukarani akachagua kazi ya dini na kalamu. Alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na Ahmadiyya mwaka 1953. Mwaka uliofuata kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichapishwa. Hadi leo, anayefundisha vina na mizani hawezi kukipita kitabu hicho bila kukitaja, awe anakiunga mkono au anakipinga.

Sheikh Amri hakubaki katika utunzi na tafsiri. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria, kisha akashika wizara iliyohusika na utamaduni wa taifa. Alifariki mwaka 1964 akiwa Ujerumani, kabla hajatimiza miaka 41. Uwanja wa michezo mjini Arusha una jina lake, ingawa mashabiki wengi wanaokaa majukwaani hawajui kwamba mwenye jina hilo alikuwa malenga.

Kabla ya Amri, wizara hiyo ya sheria ilikuwa mikononi mwa mwana mwingine wa Tabora, tena wa Tabora hasa. Abdallah Said Fundikira alizaliwa mwaka 1921 katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, ambao makao yao yako kando ya mji. Alisoma shule iliyokuwa jirani na kwao, akaenda Makerere kusomea kilimo, na mwaka 1957 akawa mtemi. Alikuwa katika baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1963 alijiuzulu uwaziri. Hakukubaliana na nchi kuelekea mfumo wa chama kimoja, na mwaka huohuo utemi nao ukafutwa. Mtu mmoja alipoteza kiti cha wizara na kiti cha mababu kwa karibu pigo moja. Alisubiri takriban miaka thelathini. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Fundikira alikuwa miongoni mwa waasisi wa upinzani kupitia chama cha UMD. Alifariki mwaka 2007.

Kambona naye hakuafikiana na Nyerere hadi mwisho. Alipita shule ya Alliance ya Dodoma kisha Tabora, akafundisha, halafu akaacha ualimu kuijenga TANU wakati chama hakina fedha wala magari. Akiwa Katibu Mkuu alikusanya wanachama kwa kasi iliyowashangaza wakoloni. Januari 1964 askari walipoasi, ni yeye aliyekwenda kuzungumza nao wakati Rais na Makamu wamefichwa. Lakini baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 aliachana na serikali, akakimbilia Uingereza, na hakurudi nyumbani hadi mwaka 1992. Alifariki mwaka 1997.

Basi wasomaji wa leo wasidhani kwamba Tabora ilitoa watu wa sauti moja. Shule iliyomlea mwasisi wa ujamaa ilimlea pia aliyeukimbia, na iliyomlea Rais wa chama kimoja ilimlea pia mtemi aliyekikataa chama kimoja.

Kawawa alisimama upande mwingine wa mgawanyiko huo. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, na yeye mwenyewe alifika Tabora kwa kufaulu mtihani. Nafasi ya kwenda Makerere ilikuwepo, lakini aliiacha ili afanye kazi na kuwasaidia ndugu zake. Aliajiriwa serikalini, na katika kazi ya maendeleo ya jamii akaigiza filamu za Kiswahili. Ile ya Muhogo Mchungu ilimfanya ajulikane mijini na vijijini kabla ya siasa. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili akakijenge chama, aliyemwachia nchi ni Kawawa. Alikuwa Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, na alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Kiswahili nacho kinawadai watu hawa shukrani. Katika shule hiyo masomo ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza, na ufahari wa msomi ulikuwa Kiingereza chake. Pamoja na hayo, Sheikh Amri aliandika kanuni za ushairi wa Kiswahili. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na ni Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliyetangaza mwanzoni mwa mwaka 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Vijana wa makabila mengi walioishi bweni moja walijua thamani ya lugha inayowaunganisha.

Mji wenyewe uliendelea kuwaita. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, TANU ikashinda, na mkutano ule ukabaki katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara wa Tabora. Zuberi Mtemvu wa TANU hakuridhika na akaanzisha chama chake, African National Congress. Mwalimu aliyewahi kufungiwa mlango kwa sababu ya mdahalo alishinda mdahalo mkubwa zaidi katika mji uleule.

Baada ya uhuru shule ilipokea vijana wa kizazi kingine, nayo baadaye ikawekwa katika kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha na nyingine chache. Miongoni mwa waliovuma baada ya kizazi cha kwanza ni Samuel Sitta wa Urambo. Akiwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, alijiita Spika wa kasi na viwango. Mwaka 2008, Bunge lake lilipopokea ripoti ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mwaka 2014 Sitta aliongoza Bunge Maalumu la Katiba, na alifariki Novemba 2016.

Kwa takriban miaka mia moja shule hii imetoa Rais, mawaziri wakuu, watemi, malenga na Spika. Hata hivyo sehemu kubwa ya historia yake bado iko katika masanduku ya familia: picha za darasa, ripoti za muhula, daftari za midahalo, barua kutoka bwenini. Wazee waliosoma hapo miaka ya 1940 na 1950 wamebaki wachache. Familia zenye karatasi hizo zisizitupe wala kuziacha ziliwe na mchwa. Zizipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au angalau ziruhusu zipigwe nakala. Na walimu wa historia wa Tabora wawatume wanafunzi wao, kalamu na daftari mkononi, wakawahoji wazee hao wangali hai.