Binamu, Starlet na Safari Rally

Jumapili iliyopita binamu yangu alitua nyumbani Kashai na Starlet yake. Kaishusha springi, kafunga ekzosi ya kelele, kuku wa jirani wote mbio! Eti, "Kaka, usiku tuingie barabara ya Mutukula, leo utajua hujui." Nikamjibu siendi, na yeye haendi. Barabara ile ina bodaboda, ina ng'ombe, ina watu wanaotoka msibani gizani.

Akanuna. Akasema mbio za magari ni za matajiri, sisi tutaanzia wapi kama si barabarani?

Nikamtolea akamwani atafune, nikaanza kumsimulia.

Safari Rally yenyewe ilianzishwa na watu wa ridhaa. Inasimuliwa kwamba Mzungu mmoja wa Kenya, Eric Cecil, alimwalika ndugu yake Neil Vincent kwenye mbio za kuzunguka uwanja. Vincent akakataa, kuzunguka palepale kunamchosha. Ila wakitengeneza safari ya kwenda mbali na kurudi, atakuwemo. Mwaka 1953 ikafanyika, Kenya, Uganda na Tanganyika, ikipewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili (ukoloni na mambo yake!). Magari yalikuwa ya kawaida, yakapangwa kwa madaraja kufuatana na bei ya dukani. Volkswagen ya mende ikatamba.

Matope ndiyo yalikuwa mwamuzi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Saba tu, jamani!

Halafu kuna Joginder Singh, mtoto wa Kericho, fundi gereji. Mwaka 1965 alishinda na mdogo wake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ya mkononi, iliyokwisha kukimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia. Akashinda tena 1974 na 1976. Na msidhani Tanzania tulikuwa watazamaji: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alilitwaa kombe mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwenye Peugeot 404. Hiyo hiyo Peugeot ambayo wazee wetu waliijua kama gari la abiria.

Binamu akaacha kutafuna. "Lakini hiyo ni zamani. Leo je?"

Leo kuna autokrosi. Wenzetu Kenya wanayo kwa madaraja, hadi la watoto, na lipo la magari yanayovuta kwa magurudumu mawili yasiyo na tabo, yaani Starlet kabisa. Unakimbia kiwanjani, kwenye vumbi au majani, ukishindana na saa. Hakuna lori linalokuja mbele yako. Unahitaji helmeti, mkanda imara, breki nzima, betri iliyofungwa isichezecheze, na chuma cha kukinga injini chini. Nguvu za injini ni jambo la baadaye sana. Kwanza jifunze kukata kona.

"Kwa hiyo yangu iko tayari?"

Nikacheka. Starlet imeshushwa mpaka inakwaruza tuta la pale mtaani, kwenye majani itaacha sampu. Pesa yote aliyomlipa fundi ilikwenda kwenye sura na kelele.

Hakunijibu. Usiku ule gari lililala uani kwetu, na Jumatatu asubuhi nilimkuta chini yake, fundi pembeni, wakizirudisha springi za zamani.