Nusumaisha: Dawa Hukaa Muda Gani Kwenye Kabichi ya Lushoto?

Kabichi iliyopigwa dawa Jumatatu kule Lukozi, wilayani Lushoto, inaweza kuwa imeshapikwa Dar es Salaam kabla ya wiki kwisha. Anayeila ana haki ya kujua dawa imebaki kiasi gani, na jibu hutafutwa kwa kipimo kinachoitwa nusumaisha: muda unaopita mpaka kiasi cha dawa kilichopo kipungue na kubaki nusu. Dhana hii imetoka kwenye fizikia. Mwaka 1900 Ernest Rutherford, akifanya kazi Montreal, aliona kuwa gesi inayotoka kwenye thori hupoteza nusu ya unururifu wake kila baada ya dakika moja hivi, iwe nyingi au kidogo. Wako wanaosema nusu uhai. Mimi natumia nusumaisha.

Tuchukue mfano. Kabichi ina miligramu 4 za dawa kwa kilo siku ya kupuliza, na nusumaisha ya dawa hiyo ni siku 3. Siku ya 3 zimebaki 2, siku ya 6 imebaki 1, siku ya 9 imebaki nusu miligramu. Wengi hudhani nusumaisha mbili zikipita dawa imekwisha, kumbe robo nzima bado ipo. Hesabu hii inatufunza pia jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha mashambani: anayezidisha dozi maradufu hujiongezea nusumaisha moja ya kusubiri. Kwa dawa ya siku 3 ni siku 3 tu, lakini kwa dawa ya siku 10 ni siku 10, na bei ya kabichi haimsubiri mtu siku 10.

Siku za kusubiri zinazoandikwa kwenye lebo hutokana na vipimo vya namna hii. Dawa ikishuka chini ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kama vile viwango vya Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kilichoanza mwaka 1963, ndipo mboga huvunwa. Hapa nchini kazi ya kusajili na kudhibiti dawa hizi iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Huandaliwa kipande cha shamba kinachopulizwa na kingine kisichopulizwa. Sampuli ya kwanza huchukuliwa saa chache baada ya kupuliza, majani yakishakauka, kisha siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na kuendelea. Huchumwa kabichi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, maana mkono wa mpulizaji haugawi sawasawa, halafu hupelekwa maabara zikiwa kwenye barafu ili dawa isiendelee kuvunjika njiani. Maabara huzisaga, hupima gramu 10 za ule uji wa kijani, hutia asetonitrili na chumvi, hutikisa kwa nguvu na kuzungusha kwenye mashine mpaka kimiminika kitengane. Kile cha juu ndicho kilichobeba dawa, nacho huingizwa kwenye mashine ya kromatografia. Lazima pia ijulikane kama majani ya nje yalibanduliwa kwanza, kwa sababu huko ndiko dawa nyingi hutua. Matokeo ya aliyeyabandua na ya asiyeyabandua hayalinganishiki.

Sasa tuje kwenye milima ya Usambara yenyewe. Joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya dawa kuvunjika kwenye udongo hupungua kwa nusu au zaidi. Ukipanda kutoka Mombo, bondeni kwenye joto, hadi Soni na Lushoto, kisha juu zaidi mpaka Lukozi, unapita hali ya hewa tofauti kabisa kwa safari ya saa chache. Ukungu huficha jua, na jua ni mojawapo ya vitu vinavyovunja dawa juu ya jani. Kwa hiyo nusumaisha iliyopimwa kwenye tambarare yenye joto haifai kuchukuliwa ilivyo na kupewa mkulima wa Usambara.

Halafu kuna kutoweka na kuna kuvunjika, navyo si kitu kimoja. Kabichi ikikua kutoka nusu kilo hadi kilo moja, kiasi cha dawa kwa kilo hushuka kwa nusu hata kama hakuna chembe iliyovunjika. Mvua ya masika ikinyesha, mankozebi, dawa ya kuua kuvu, huoshwa kwenye jani la nyanya na kuteremka na maji kuelekea bondeni, ambako kuna bustani nyingine na kijito. Jani likipimwa huonekana safi, kumbe udongo wa chini umeipokea dawa. Tena mankozebi ikivunjika, au ikipikwa, hutoa ETU, kemikali inayodhuru tezi ya shingo. Anayepima mankozebi peke yake ataandika kwamba imepungua huku ETU ikiongezeka.

Kwenye udongo muda unaweza kuwa mrefu mno. Shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea mwaka 1986 shehena ya dawa kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imepitwa na muda, na ndani yake mlikuwa na DDT. Watafiti walipochapisha vipimo vyao mwaka 2004, baada ya mabaki ya shehena kuondolewa, udongo ulikuwa bado umechafuka vibaya. Nusumaisha ya DDT kwenye udongo hutajwa kuwa kati ya miaka 2 na 15, na ikivunjika huacha DDE, ambayo nayo hukaa.

Ndiyo maana namba tupu ya nusumaisha hainitoshi. Nataka iandikwe pamoja na zao, sehemu ya mmea, kimo cha shamba, msimu, na kama kilichopimwa ni dawa peke yake au na kile inachozaa. Kwa Lushoto, majaribio yafanyike Lukozi na Mlalo, masika na kiangazi, na udongo wa bondeni upimwe siku ileile linapopimwa jani.