Pointi za Microsoft: Sarafu iliyoficha bei ya michezo

KAMPUNI ya Microsoft ya Marekani ilipoingiza sokoni mashine ya michezo ya Xbox 360 Novemba 2005, duka lake la intaneti halikuandika bei kwa dola. Liliziandika kwa sarafu ya kampuni yenyewe, iliyojulikana kama Microsoft Points.

Mteja alianza kwa kununua pointi kwa fedha halisi, ama kwa kadi ya benki, ama kwa kadi ya dukani yenye namba ya siri, mfano wa vocha ya simu. Pointi hizo ziliingia katika akaunti yake, na kila aliponunua mchezo au nyongeza yake, zilikatwa.

Nchini Marekani dola 1 ilikuwa sawa na pointi 80, kiwango kisicho rahisi kupigiwa hesabu kichwani. Mchezo wa pointi 800 ulikuwa wa dola 10. Aprili 2006, deraya ya farasi katika mchezo wa Oblivion iliuzwa kwa pointi 200. Wachezaji wengi walilalamika, kwani pambo hilo, ambalo halipo ila kwenye kioo cha televisheni, liligharimu dola 2.50.

Aidha, pointi ziliuzwa kwa mafungu. Katika miaka ya mwanzo, fungu dogo kuliko yote lililopatikana kupitia mashine lilikuwa la pointi 500, yaani dola 6.25. Aliyetaka mchezo wa pointi 400 alilazimika kulinunua fungu hilo na kubakiwa na pointi 100. Salio hilo la dola 1.25 halikuweza kurudishwa kuwa fedha; lilimsubiri anunue tena.

Kwa upande wa kampuni, mafungu yalipunguza gharama za benki, ambazo hutozwa kila kadi inapotumika hata kwa malipo madogo.

Mwaka 2013 Microsoft iliziondoa pointi hizo, ikageuza masalio ya wateja kuwa fedha za nchi zao, na bei zikaandikwa kwa fedha hizo. Duka la Xbox 360 lenyewe lilifungwa Julai 29, 2024.

Hata hivyo, mtindo huo haukufa. Fortnite ina V-Bucks na Roblox ina Robux, na watoto wamo miongoni mwa wanunuzi wake. Kwa mzazi, kinga ya kwanza ni kuigeuza bei hiyo kuwa fedha halisi kabla ya kuruhusu malipo.