Habari za Cherehani Kongwe za Kitui na Makueni

Ukitaka kujua umri wa cherehani ya Singer usimwulize mwenye nayo, kwa kuwa yeye aghalabu atakujibu kwamba ilikuwa ya babu yake na kukomea hapo. Itazame mwenyewe upande wa kulia wa kitako chake, ufute vumbi jekundu kwa kitambaa chenye mafuta, nawe utaona namba iliyopigwa katika chuma, na mbele ya namba hiyo herufi moja au mbili. Pasipo na herufi, cherehani hiyo ni ya kabla ya mwaka 1900. Herufi ikiwa ni Y, ilitoka katika kiwanda cha Clydebank, nchi ya Uskoti, katika miaka iliyokuwa baina ya vita kuu mbili za dunia. Ikiwa ni E iliyofuatiwa na herufi ya pili, ni ya tangu mwaka 1935. Mwenye kupita katika baraza za maduka ya Wote, Kibwezi, Mwingi na Kitui mjini, akiwa na subira ya kuomba ruhusa na adabu ya kuinama, atazisoma herufi hizo huku mwenyewe akiendelea kushona juu yake, kwani mwezi wa Januari sare za shule hazimngojei msomi.

Katika Ulaya na Marekani wako watu, wala si wachache, ambao huzikusanya cherehani za kale kama wengine wanavyokusanya stempu za posta au sarafu. Huko London, katika mtaa wa Tooting, mna makumbusho yasiyokuwa na kitu kingine ila cherehani, na maduka ya nguo ya fahari yamezipanga madirishani kwa mamia kuwa mapambo. Huku Ukambani, nchi ya Wakamba, nako hukusanywa, ila kwa nia nyingine. Fundi wa kutengeneza cherehani huwa na rundo lake nyuma ya kibanda, vichwa vya chuma visivyo na magurudumu, miguu isiyo na meza, sanduku la skurubu zilizokwisha sahauliwa zilitoka wapi, na kila kimoja cha vitu hivyo kinangoja siku ambayo mwenzake aliye hai atakihitaji. Mkusanyaji wa Tooting huhifadhi cherehani ili isifanye kazi tena. Huyu wa Kitui huua moja ili tatu ziendelee kushona. Mimi binafsi, nikilazimishwa kuchagua baina yao, nitamchagua huyu wa pili, ingawa kwa ajili yake habari nyingi zimepotea.

Jina lenyewe limesafiri mbali. Wajemi waliita gurudumu charkh, na pwani ikalipokea neno hilo ikafanya cherehe, yaani jiwe la mviringo lizungushwalo kunolea visu, na katika ukoo huo huo ikapatikana cherehani. Kadhalika darizi, tulitumialo kwa kushona nakshi juu ya nguo, ni ndugu wa darji, jina ambalo watu wa Gujarat humwitia mshonaji.

Nguo ilitangulia cherehani Ukambani kwa muda mrefu. Wakamba wa Kitui, waliokuwa mabingwa wa safari kabla ya reli kuwazwa, walipeleka pembe za ndovu pwani wakarudi na kaniki na merikani, nguo ambazo hazikuhitaji mshonaji kwa kuwa zilivaliwa kwa kufungwa na kujitanda. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mkubwa wa wafanya biashara hao. Na mwaka 1851, Kivoi alipouawa katika safari ya kuelekea mto wa Tana, ndio mwaka ambao Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani. Mambo haya mawili hayana uhusiano hata kidogo. Nimeyaweka pamoja kwa kuwa kalenda imeyaweka pamoja.

Singer, tuseme kweli, hakuwa wa kwanza. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na cherehani zikishona sare za askari mjini Paris, na mwaka 1831 washonaji waliohofia riziki zao wakamvamia wakazivunja. Na Elias Howe alikuwa amekwisha pata hataza yake mwaka 1846, hata Singer akalazimika kumlipa. Fadhila ya kampuni ya Singer ilikuwa katika tijara zaidi kuliko katika uvumbuzi. Cherehani iliuzwa dola 125 wakati jamaa ya kawaida ya Kimarekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka, na hakuna mke wa mkulima angeweza kuzitoa kwa mkupuo. Basi mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Singer, akaanzisha kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, mnunuzi akiichukua cherehani nyumbani na kuilipa huku akiitumia. Watu wa pwani, waliozoea mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, tangu enzi za misafara, hawangeona ajabu kubwa katika shauri hilo, lakini ndilo lililoipeleka cherehani katika kila pembe ya dunia. Kiwanda cha Kilbowie, huko Clydebank karibu na Glasgow, kilifunguliwa mwaka 1885, na katika mwaka 1913 peke yake kilitoa cherehani zaidi ya milioni 1.3. Kilifungwa mwaka 1980, na stesheni ya reli ya hapo ingali inaitwa Singer, ingawa abiria anayeshuka haoni cherehani hata moja.

Kwetu pia ilikuwa ni reli. Ile Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, iliipasua nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, kutoka Mtito Andei hadi Kibwezi na Makindu, na kuendelea Emali mpaka Sultan Hamud, mji uliochukua jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja; na nyuma ya reli yakaja maduka, na mbele ya maduka zikaja baraza, na barazani ikaketi cherehani. Kitui ikabaki kando, wala hata leo garimoshi haliufikii mji huo, kwa hiyo kila cherehani iliyoingia huko ilimaliza safari yake kwa njia ya vumbi, na pengine ndiyo sababu watu wa Kitui hawana haraka ya kuitupa.

Desturi ya baraza ilikuwa moja karibu Afrika ya Mashariki nzima. Mwenye duka, ambaye aghalabu alikuwa Mhindi, ndiye aliyekuwa na cherehani na majora ya kitambaa. Fundi alikuwa na mikono yake tu, akishona kwa ujira wa nguo moja moja. Mteja aliingia ndani akanunua yadi zake, akatoka nje akapimwa mbele ya watu, na jua lilipopinduka akaondoka amevaa kaptura iliyokuwa jora asubuhi. Mafundi hao walikuwa wanaume. Kushona kwa cherehani kulihesabiwa kazi ya mwanamume kama kuchonga na kufua chuma, ilhali mwanamke wa Kikamba, ambaye vidole vyake vilisuka kiondo cha katani kwa mishono isiyoonekana, hakuna aliyefikiri kumkalisha mbele ya sindano ile. Wamisionari ndio walioanza kubadili mambo kidogo kidogo. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission aliweka kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, akafa mwaka uliofuata; waliokuja baada yake walihubiri Injili pamoja na nguo, na nguo ilitaka kushonwa. Baadaye, mwaka 1952, likaundwa shirika la Maendeleo ya Wanawake, ambalo katika vilabu vyake kushona kulikuwa somo mojawapo la kwanza, na vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoenea baada ya ile taarifa ya Baraza la Kikristo la Kenya ya mwaka 1966 kuhusu vijana wanaomaliza shule, vikaimaliza kazi hiyo. Ukienda sasa utawakuta wanawake barazani, na mtu akikwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu awali, mjibu kwa upole.

Baina ya hayo ilikuwako vita kuu ya pili ya dunia. Kilbowie iligeuzwa kuwa kiwanda cha silaha, na mwezi wa Machi 1941 ndege za Ujerumani zikaupiga mji wa Clydebank zikaiteketeza ghala ya mbao za meza za cherehani. Wakamba nao walikuwa wameingia kwa wingi katika jeshi la kikoloni la Keya. Na waliporudi mwaka 1945 na baadaye, wakiwa na malipo yao na mazoea ya kuvaa suruali iliyopigwa pasi, wako waliotaka kumiliki kile ambacho baba zao walikitumia kwa ujira tu. Zile cherehani zenye herufi E mbele ya namba, aghalabu ni za kizazi hicho.

Sasa tuje katika swali ambalo mimi naliona ndilo kiini: kwa nini nyingine zimeishi na nyingine zimekufa, nazo zote ni chuma kile kile? Jawabu limo chini ya sindano. Cherehani za zamani zaidi zilikuwa na kichukuzi cha uzi chenye umbo la mtumbwi mdogo, kiendacho na kurudi, na ndani yake bobini nyembamba ndefu kama kijiti. Bobini hiyo ikipotea, nayo hupotea kwa kuwa watoto huipenda, hakuna duka la Wote wala la Kitui litakalokupatia nyingine. Lakini ile namba 15 ya Singer, yenye bobini ya mviringo na sindano ya kawaida, ilinakiliwa na dunia nzima: Wajapani baada ya vita, Wahindi kwa jina la Usha, Wachina wa Shanghai kwa jina la Butterfly, wala hawakubadili vipimo. Kwa hiyo leo fundi huchukua bobini iliyotengenezwa China juzi akaitia katika cherehani iliyotoka Uskoti mwaka 1938, ikaingia kama mkono katika mfuko. Wenye Singer walilalamika kuigwa, na si ajabu, walakini kuigwa ndiko kulikoziokoa.

Hali ya nchi nayo ina sehemu yake. Pwani hewa ya chumvi hukila chuma mpaka kikawa unga. Ukambani, ambako mvua ni ya kuombewa, kutu huchelewa. Adui wa huko ni mchwa. Meza iliyokuja kutoka Ulaya na droo zake za nakshi huliwa kutoka ndani, na siku moja mshonaji akiegemea huporomoka. Ndipo seremala akatengeneza nyingine ya mukau, mti wa asili wa nchi hizi kavu ambao mchwa hawezi kuutafuna, akaipigilia juu ya miguu ile ile ya chuma. Mkusanyaji wa Tooting angesema cherehani hiyo imeharibika. Mimi nasema imepata uraia.

Kuifufua cherehani iliyoganda hakuhitaji nguvu, na mwenye nguvu ndiye huivunja. Mafuta ya zamani, hasa yale ya kupikia ambayo watu hutia kwa kukosa mengine, hukauka yakawa gundi. Hutiwa mafuta ya taa katika kila tundu na kila kiungo, ikaachwa siku moja au mbili, ikarudiwa, mpaka gurudumu likubali kwa kidole. Kisha hutolewa nyuzi na vumbi lililoshindiliwa baina ya yale meno madogo yasukumayo kitambaa, na hapo ndipo yatiwapo mafuta ya cherehani yenyewe, tone moja moja. Ikiwa ingali inaruka nyuzi, basi fundi hutazama ncha ya ndoana: yapasa ikutane na sindano wakati sindano imekwisha fika chini na kupanda tena kama milimita 2, kwani ndipo uzi ufanyapo kitanzi cha kunaswa, ikiwahi au ikichelewa, hakuna mshono.

Rangi ya dhahabu iliyo mwilini isiguswe na spiriti. Nalisema hili kwa majuto. Cherehani ya mama yangu ilikuwa na yule simba wa Misri mwenye uso wa binadamu, naye nilimfuta mwenyewe kwa pamba na spiriti adhuhuri moja, nikidhani namsafisha. Nilipoinua pamba ilikuwa ya dhahabu, na cherehani ilikuwa nyeusi tupu.

Mitumba ilipofunguliwa milango katika miaka ya 1990, mafundi wa kushona suruali na magauni walipungua, na waliosalia wakashikilia sare za shule, ambazo mpango wa elimu ya msingi bila malipo wa mwaka 2003 uliziongezea wateja. Kitui ilipata kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, mwaka 2018, chenye cherehani za umeme safu kwa safu, ambacho mwaka 2020 kilishona barakoa za kujikinga na korona. Ni kazi njema, ila umeme ukikatika ni yule mwenye Singer ya miguu anayeendelea kushona.

Adui wa mwisho hupima kwa kilo. Miguu ya cherehani ni chuma kizito, na mnunuzi wa vyuma chakavu hamwulizi mtu herufi gani imepigwa ubavuni. Serikali ilipoipiga marufuku biashara hiyo nchini kote mwezi wa Januari 2022, kwa sababu ya hujuma ya nguzo za umeme, kisha ikairuhusu tena mwezi wa Mei, cherehani nyingi zilizolala stoo zilipata wasaa wa miezi michache pasipo kujua.

Wewe basi uliye nayo nyumbani, Mbooni au Mutomo au popote, kabla hujamwita mwenye mizani, inamia uisome namba, kisha andika katika kipande cha karatasi namba hiyo, jina la aliyeinunua kwanza, duka alikoinunua, na nguo ya kwanza iliyoshonwa ukiweza kuipata kwa wazee, uitie karatasi ndani ya droo. Andika kwa kalamu ya risasi. Wino hufutika kwa mafuta.